Wafanyakazi Wasioonekana wa Chunguni

Ukishuka upande wa mashariki wa jiji la Nairobi ukaingia mtaa wa Kiamaiko, pua yako itapata habari kabla ya macho. Kwa miaka mingi mtaa huu umejulikana kwa biashara ya mbuzi. Malori huwaleta kutoka nchi kavu za kaskazini, kutoka Isiolo, Marsabit na Moyale, na nyama yao huliwa katika nyumba na mikahawa ya jiji zima. Walakini Kiamaiko si nyama peke yake. Jioni utawaona akina mama wameketi kando ya njia, mbele yao yamepangwa mafungu ya sukuma wiki, kabichi, kunde na mchicha, na visu vyao vinakata majani membamba kama nyuzi. Jua likizama na wateja wakipungua, mafungu yaliyobaki huanza kunyauka. Mwenye mboga hana jokofu. Kesho yake, au kesho kutwa, majani yaliyogeuka manjano hutupwa, na pamoja nayo hutupwa fedha ambayo ingalinunua unga.

Katika nyumba iliyo hatua chache kutoka hapo, huenda pana mtu mwenye asili ya kaskazini ambaye ameweka maziwa katika chombo kilichofukizwa moshi, akayaacha siku kadhaa. Maziwa yale hayatupwi. Yameganda, yamekuwa makali kidogo, na mgeni akifika atakaribishwa kwayo kwa heshima.

Sasa nakuuliza: kwa nini kitu kimoja kikiachwa huoza, na kingine kikiachwa huiva?

Lugha yetu yenyewe imeuona ugumu wa jambo hili. Mchuzi wa jana ukinuka twasema umechacha, tukaumwaga. Uji uliolazwa ukawa mkali twasema umechacha, tukaunywa. Neno ni moja, hukumu ni mbili. Wazee wetu walizitenga hukumu hizo kwa pua, kwa ulimi na kwa mazoea ya vizazi vingi. Sayansi ilikawia sana kuzitenga kwa sababu. Habari ninayotaka kukusimulia ni habari ya kuitafuta sababu hiyo: jinsi watu walivyowatambua viumbe wadogo wachachushao mboga, mmoja baada ya mmoja, wakawapa majina, na jinsi kazi hiyo iliyoanza katika nchi za mbali ilivyofika katika vibuyu na vyungu vya Afrika Mashariki.

Hapana taifa moja liwezalo kudai kwamba ndilo lililovumbua uchachushaji. Wakorea hulaza kabichi na figili katika chumvi na pilipili, wakaita kimchi. Wajerumani hukata kabichi nyembamba, wakaishindilia na chumvi katika pipa hata ikatoa maji yake yenyewe. Nahodha James Cook alipotweka matanga kutoka Uingereza mwaka 1768, merikebu yake Endeavour ilichukua zaidi ya tani 3 za kabichi chachu, kwa tumaini la kuwakinga mabaharia na kiseyeye, ugonjwa uliowaua watu wengi baharini kwa kukosa mboga na matunda. Hapa kwetu Watanzania wana togwa ya mahindi, mtama au ulezi. Wakenya wana uji mchachu. Wamaasai wana maziwa ya kibuyuni. Magharibi mwa Kenya mboga za kienyeji hupikwa zikachanganywa na maziwa, zikakaa chunguni siku mbili tatu zikipashwa moto, mpaka uchungu wake ukapungua. Watu wote hao walijua la kufanya. Walijua kiasi cha chumvi, namna ya kufukiza chombo, siku za kungoja na dalili za hatari. Jambo moja tu hawakulijua, nalo ni nani aliyekuwa akiifanya kazi ile wao walipolala.

Usidhani kwamba wakubwa wa elimu walijua zaidi yao. Katikati ya karne ya 19 mwanakemia mashuhuri wa Ujerumani, Justus von Liebig, alifundisha kwamba kuchacha ni mtikisiko wa kemia utokao katika vitu vinavyooza, na kwamba haukuhitaji kiumbe hai. Mwaka 1856 mwenye kiwanda kimoja katika mji wa Lille, Ufaransa, aliyetengeneza pombe kwa viazisukari, alipatwa na hasara: baadhi ya mapipa yake yalitoa pombe njema, na mengine yalichachuka vibaya. Alikwenda kwa Louis Pasteur, aliyekuwa mkuu wa kitivo cha sayansi katika mji ule. Pasteur alitazama tone la kila pipa kwa hadubini. Katika mapipa mema aliona chembe za mviringo za hamira; katika mapipa mabaya aliona vitu vingine, vidogo kuliko hamira. Mwezi wa Agosti mwaka 1857 alisoma mbele ya chama cha wanasayansi wa Lille makala yake juu ya kuchacha kwa asidi ya laktiki, ambayo ndiyo asidi ya maziwa yaliyoganda. Alisema kwamba kila namna ya kuchacha ina kiumbe chake. Hamira hutengeneza pombe. Kiumbe mwingine, mdogo zaidi, hutengeneza asidi.

Neno lile lilikuwa dogo kulisema, lakini lilikuwa zito kulithibitisha. Kumwona mtu katika umati si kumjua jina. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu wapatao milioni 4.4 katika Nairobi. Kijiko kimoja cha maji ya kabichi iliyochacha vizuri kinaweza kuwa na bakteria mamia ya mamilioni, tena wa namna mbalimbali, na wengi wao wamefanana kwa umbo kama punje za mchele. Ukiona kwamba maji yale ni makali, utamshukuru au kumshtaki yupi? Ili kumjua afanyaye kazi, hapana budi umtenge peke yake, umpe chakula, umwache azae, kisha utazame kama kizazi chake peke yake chaweza kuifanya kazi ile ile. Basi historia ya kuwatambua bakteria ni, kwa sehemu kubwa, historia ya kuwatenga.

Daktari Mwingereza Joseph Lister alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufaulu. Mwaka 1878 alieleza jinsi alivyoyazimua maziwa yaliyochacha kwa maji safi, tena na tena, hata tone dogo likawa halina zaidi ya bakteria mmoja. Tone lile alilitia katika maziwa yaliyochemshwa. Maziwa yakaganda, na ndani yake palikuwa na namna moja tu ya kiumbe. Njia ile ilikuwa ya kweli, lakini ilimtaka mtu subira kubwa na bahati kidogo.

Wepesi ulitoka jikoni. Katika Berlin, maabara ya Robert Koch ilikuwa ikiotesha bakteria juu ya vyakula vigumu ili kila mmoja abaki mahali pake, azae pale pale na kufanya doa lionekanalo kwa macho. Walitumia viazi vilivyokatwa, kisha jeli ya mifupa. Lakini jeli ile iliyeyuka katika joto. Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wachunguzi wale, alikuwa akitengeneza jeli za matunda kwa agari, kitu kinachotolewa katika mwani wa baharini, naye alikuwa amejifunza matumizi yake kwa watu waliokaa Java. Mwaka 1881 alishauri agari ijaribiwe. Ikajaribiwa, ikafaa, na hata leo hapana maabara ya bakteria isiyoitumia. Mwaka 1884 Mdenmaki Hans Christian Gram aliongeza njia ya kuwatia bakteria rangi, ambayo wengine huishika wakawa zambarau na wengine huiacha. Mwaka 1887 Julius Richard Petri akaongeza kisahani chenye kifuniko. Agari, rangi na kisahani: vitu vitatu vya bei nafuu viliwafungulia watu ulimwengu mzima.

Fikiri sasa kwamba wewe ndiwe mchunguzi, na mbele yako pana mtungi wa mboga zilizochacha. Utachota kiasi kidogo cha maji yake ukayazimua mara kumi, kisha mara kumi tena, na tena, mpaka wale mamilioni wapungue wakawa makumi. Utayapaka maji hayo juu ya agari yenye chakula kiwafaacho. Chakula kilichopendwa zaidi kwa kazi hii kilielezwa mwaka 1960 na wachunguzi watatu, de Man, Rogosa na Sharpe. Ndani yake mna asili ya mchuzi wa nyama, hamira na sukari. Utangoja siku mbili tatu. Madoa meupe yatatokea, na kila doa ni ukoo wa mzazi mmoja. Utachukua doa moja ukalipaka upya juu ya kisahani kingine, ili kuhakikisha kwamba hapana mgeni aliyejificha.

Baada ya hapo yaanza mahojiano. Je, ni mviringo au ni kijiti? Akitiwa rangi ya Gram, huwa zambarau? Bakteria wachachushao mboga huwa zambarau. Akidondoshewa haidrojeni peroksaidi, dawa ile isafishayo vidonda, hutoa povu? Bakteria wengine wengi hutoa. Hawa kwa kawaida hawatoi. Akila sukari hutengeneza asidi tu, au hutoa na hewa ya kabonidayoksaidi? Hupenda sukari gani, na huikataa ipi? Hustawi katika joto gani? Kwa maswali ya namna hii Sigurd Orla-Jensen wa Copenhagen aliwapanga bakteria wa asidi ya laktiki katika kitabu alichokitoa mwaka 1919. Miongoni mwa aliowaeleza alikuwamo kijiti mmoja aliyempa jina la Kilatini plantarum, maana yake wa mimea. Likumbuke jina hilo, kwa maana tutakutana nalo mahali usipopatazamia.

Mtu aliyeisoma kabichi chachu kwa bidii nyingi zaidi ni Carl Pederson, wa kituo cha utafiti wa kilimo cha mji wa Geneva katika jimbo la New York, Marekani. Taarifa yake ya mwaka 1930 ilionyesha kwamba kabichi haichachushwi na bakteria mmoja, bali na kundi la bakteria wanaopokezana kazi. Ufahamu mpango wao, kwa kuwa ndiyo siri ya mtungi.

Chumvi, kiasi cha gramu 20 hadi 25 kwa kila kilo ya kabichi, huvuta maji na sukari kutoka katika majani, na huwapunguza nguvu viumbe waozeshao. Majani yakishindiliwa yakafunikwa na maji hayo, hewa hupungua. Kwanza huamka Leuconostoc mesenteroides, kiumbe mviringo apendaye kuishi wawili wawili au katika mnyororo. Huyu hula sukari akatoa asidi na kabonidayoksaidi, na hewa hiyo huisukuma nje oksijeni iliyobaki. Lakini kazi yake mwenyewe humshinda: asidi aliyoitengeneza huwa kali kuliko awezavyo kuvumilia, akafifia. Hapo kijiti cha kwao, aliyeitwa zamani Lactobacillus brevis, huipokea kazi. Mwisho huja Lactobacillus plantarum, mstahimilivu kupita wenzake, naye huupandisha ukali mpaka waozeshao wasiweze kuishi. Ni kama wakimbiaji wanaopokezana kijiti: wa kwanza ana mbio za kuanzia, wa mwisho ana pumzi ya kumalizia, na hapana hata mmoja awezaye kushinda peke yake.

Sasa umepata jibu la swali letu la kwanza. Mboga ya kando ya njia na mboga ya mtungini zote zimeliwa na viumbe wadogo. Tofauti ni nani aliyetangulia. Katika fungu lililoachwa wazi, hewa tele na chumvi hamna, waozeshao hufika kwanza. Katika mtungi uliotiwa chumvi na kufunikwa, wenye asidi hufika kwanza wakaufunga mlango nyuma yao. Mama aliyeshindilia mboga kwa ngumi yake alikuwa akiwachagulia wafanyakazi wake mlango wa kuingilia, ingawa hakuwahi kuwaona.

Na huku kwetu, ni nani waliokuwamo vyunguni? Katika miaka ya 1980 S. K. Mbugua wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliwatenga bakteria wauchachushao uji, na katika mstari wa mbele alimkuta plantarum. Mwaka 2003 Jonathan Mugula wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, pamoja na wenzake wa Norway, walichapisha uchunguzi wao juu ya togwa. Humo walimkuta plantarum pamoja na brevis, fermentum, Pediococcus pentosaceus na Weissella confusa, na hamira za namna kadhaa. Mwaka 2005 Tezira Lore, Mbugua na John Wangoh walitoa habari za suusac, maziwa ya ngamia yaliyochacha, chakula cha watu wa kaskazini. Aliyeonekana zaidi alikuwa Leuconostoc mesenteroides, yule yule afunguaye kazi ya kabichi. Na nyuma yake alikuwako plantarum.

Lakini habari inayonishangaza kupita zote ni ya maziwa ya Wamaasai, yaitwayo kule naoto. Maziwa haya hutiwa katika kibuyu ambacho ndani yake kimesuguliwa kwa kinga cha moto cha mzeituni wa mwituni. Julius Mathara, Mkenya, pamoja na wenzake wa Kenya na Ujerumani, walichunguza sampuli 22 za maziwa hayo, na mwaka 2004 wakatangaza waliyoyaona. Katika bakteria wa jamii ya Lactobacillus waliowatenga, asilimia 60 walikuwa plantarum. Kiumbe aliyepewa jina la mimea ndiye aliyekuwa bwana wa maziwa! Tafakari jambo hili, msomaji. Jina alilopewa Ulaya lilieleza mahali alipoonekana, wala halikueleza mipaka ya makazi yake. Angalitambuliwa kwanza kibuyuni, huenda angaliitwa wa maziwa. Tena chombo chenyewe, kibuyu, si mmea? Na kinga kile si mti?

Habari haikuishia hapo. Mmoja wa plantarum wa kibuyuni alihifadhiwa katika taasisi ya utafiti wa chakula mjini Karlsruhe, Ujerumani, akapewa namba BFE 5092. Iligunduliwa kwamba hutengeneza vitu viwezavyo kuwazuia bakteria wengine. Miaka ikapita. Mwaka 2016 Folarin Oguntoyinbo, mchunguzi Mnaijeria, na wenzake wa Ujerumani na Denmaki walitangaza jaribio lao juu ya kanzira, mboga ya jamaa ya sukuma wiki ambayo kwa Kilatini huitwa Brassica carinata. Walitaka kuichachusha isiharibike, nao walihitaji chachu ya kuaminika. Walimchagua BFE 5092 wa maziwa ya Kimaasai, wakamwongezea mwenzake fermentum aliyetoka katika mihogo iliyochacha ya Afrika Magharibi. Wawili hao walistawi katika majani, wakaupandisha ukali kwa haraka. Basi yule mkazi wa kibuyu alirudi kwenye mboga alikoitiwa jina, akaonyesha kwamba kazi yake hakuisahau.

Wachunguzi wa Kenya pia walikuwa wamekwisha kujaribu mboga za nyumbani. Mwaka 2007 C. N. Muchoki, J. K. Imungi na P. O. Lamuka wa Chuo Kikuu cha Nairobi walichapisha uchunguzi juu ya majani ya kunde yaliyochachushwa, yakakaushwa kwa jua na kuwekwa akiba, ili kujua vitamini zake na ladha yake zilibadilikaje. Lilikuwa swali lile lile la mama wa Kiamaiko, ila limeulizwa kwa mizani na vipimo: mboga iliyozidi leo ifanyweje ili ifae mwezi ujao?

Yapo mambo mawili ambayo sina budi kukuonya. La kwanza ni juu ya majina. Mahojiano ya rangi na sukari yaliwahi kuwadanganya wachunguzi wengi, maana viumbe wawili wasio wa ukoo mmoja waweza kupenda sukari moja. Mwaka 1977 Mmarekani Carl Woese alionyesha kwamba nasaba ya viumbe wadogo yaweza kusomwa katika sehemu ya ribosomu, kiwanda kidogo cha protini kilicho ndani ya kila chembe hai. Tangu hapo bakteria hutambuliwa kwa kusomwa maandishi ya urithi wao. Mwaka 2003 wachunguzi wa Uholanzi walitangaza maandishi yote ya plantarum mmoja, herufi zaidi ya milioni 3. Na mwaka 2020 jamii ya Lactobacillus, iliyokuwa imejaa namna 261, iligawanywa ikawa jamii 25. Plantarum akapewa jina jipya la ukoo, Lactiplantibacillus. Fermentum akawa Limosilactobacillus. Ukikuta majina mawili katika vitabu viwili, usiseme kwamba kitabu kimoja ni cha uongo. Tazama mwaka wake. Kiumbe ni yule yule, ila elimu imemtazama upya.

La pili ni juu ya hatari. Si kila kilichochacha ni salama, wala si kila cha kale ni chema. Chumvi ikipungua, mikono ikiwa michafu, chombo kikiwa wazi, waozeshao na waleta maradhi wanaweza kutangulia. Katika vyakula vya kienyeji wachunguzi wamekuta pia viumbe ambao hawafai kuaminiwa upesi. Kwa sababu hiyo yafaa kuwatambua. Mtu asemaye kwamba vyakula vya wazee vyote ni uchafu, na mtu asemaye kwamba vyote ni dawa, wamekosa jambo moja: hawakutazama.

Na sasa nifike kwenye neno ambalo kwa ajili yake nimeandika. Kibuyu kilikuwa cha Mmaasai. Mikono iliyokisafisha, iliyochagua mti wa kukifukiza, iliyojua siku ya kukifungua, ilikuwa ya mwanamke wa Kimaasai, na jina lake halipo katika taarifa yoyote. Namba ya bakteria imetolewa Ujerumani. Sisemi haya kwa chuki, kwa kuwa bila maabara ile kiumbe huyu angaliendelea kufanya kazi bila kujulikana, na Wakenya walikuwamo katika kumtambua. Lakini mataifa yenyewe yameona kwamba hapa pana jambo la haki. Mwaka 2010 yalikubaliana Mkataba wa Nagoya, ulioanza kutumika mwaka 2014, juu ya kugawana kwa haki faida itokanayo na viumbe wa nchi na maarifa ya watu wake. Ni sheria njema. Lakini sheria haimtambui bakteria. Anayemtambua ni mtu mwenye hadubini, kisahani na subira. Nchi isiyo na watu wa namna hiyo hungoja kuambiwa na wengine kilichomo katika chungu chake yenyewe.

Wewe usomaye haya huenda unakaa karibu na Kiamaiko, au mahali panapofanana nako. Labda shule yenu ina hadubini moja tu, nayo hugombaniwa. Usivunjike moyo. Lister alianza kwa maziwa na maji; Fanny Hesse alileta mwani wa jikoni; Pederson alitumia miaka mingi ya maisha yake juu ya kabichi, mboga ambayo hapana mtu aliyeiona kuwa na fahari. Elimu kubwa haikuwadai kwanza vitu vikubwa. Iliwadai wapende kuuliza swali ambalo wengine walilipita kila siku wakiwa njiani kwenda sokoni.

Jioni ya leo ukipita penye mafungu ya mboga yaliyoanza kunyauka, simama kidogo. Juu ya kila jani wapo tayari wote wawili, aozeshaye na ahifadhiye, wakingoja kuona mlango gani utafunguliwa. Bibi yako alijua kuufungua mlango ulio mwema bila kuwaona wakazi wake. Wewe umepewa macho ya kuwaona. Utakuwa umepungukiwa sana ukiyadharau maarifa yake, na yeye atakuwa amepungukiwa ukikataa kuyatumia macho yako.